Kinu cha nyuklia Kenya: kabla ya mionzi, tuulize nani ana uwezo wa kusema hapana

Mei 2024 wakazi wa Uyombo, kijiji cha wavuvi na wakulima katika kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa serikali ya Kenya wa kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 ufukweni kwao. Polisi waliwatawanya kwa gesi ya machozi na virungu, watu wakaumia. Haukupita muda mrefu, macho ya serikali yakahamia kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambako viongozi kadhaa wa kisiasa waliupokea mradi kwa mikono miwili. Ratiba iliyotangazwa ni ujenzi uanze 2027 na umeme uingie kwenye gridi 2034.

Wanaounga mkono husema watu wa Pwani walijazwa hofu na wanaharakati wasiojua sayansi. Wanaopinga husema serikali inataka kuleta Chernobyl nyumbani kwao. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda, na naona kila upande unakwepa hoja iliyo nzito kuliko zote ya upande wa pili.

Hoja ambayo wapinzani hawapendi kuigusa ni hii: ukilinganisha vifo kwa kiasi kile kile cha umeme, ajali na moshi vikihesabiwa pamoja, nyuklia imo katika kundi moja na upepo na jua. Makaa ya mawe huua mara mamia zaidi, kimya kimya, kupitia mapafu ya watu. Mlipuko wa kinu cha Chernobyl, Ukraine, uliua watu wapatao 30 katika wiki na miezi ya mwanzo mwaka 1986, na mwaka 2005 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba vifo vya saratani miongoni mwa walioathirika zaidi huenda vikafikia 4,000. Fukushima, mwaka 2011, serikali ya Japani imekiri kifo kimoja tu kilichotokana na mionzi. Waliokufa kwa misukosuko ya kuhamishwa, wengi wao wazee, ni zaidi ya 2,000. Tena bara letu lina uzoefu wake: kituo cha Koeberg, jirani na Cape Town, kimekuwa kikizalisha umeme tangu 1984, na eneo linalokizunguka ni hifadhi ya wanyama.

Kwa hiyo anayesema nyuklia ni salama hasemi uongo. Lakini salama mikononi mwa nani? Hapo ndipo watetezi wa mradi nao wanapoanza kuruka maneno.

Chukua Fukushima yenyewe. Siku ile ile ya Machi 11, 2011, bahari iliyopanda baada ya tetemeko ilivipiga vituo zaidi ya kimoja. Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima Daiichi. Onagawa kilijengwa zaidi ya mita 14 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu mhandisi Yanosuke Hirai alishikilia msimamo huo hata wenzake walipoona ni kutupa fedha. Kikazimika salama, na mamia ya wanakijiji waliopoteza nyumba wakajihifadhi ndani ya uzio wake. Fukushima Daiichi kilikaa mita 10 juu ya bahari. Mwaka 2008 wahandisi wa kampuni iliyokimiliki, TEPCO, walipiga hesabu zilizoonyesha kuwa mawimbi yanaweza kuzidi mita 15. Hesabu zikawekwa kando. Mawimbi yalipofika, majenereta yaliyokuwa chini ya majengo yalizama, umeme wa kupoza vinu ukakatika, vinu vitatu vikayeyuka. Tume ya bunge la Japani, katika ripoti yake ya Julai 2012, iliita mkasa huo kazi ya mikono ya binadamu, na ikaeleza jinsi serikali, mdhibiti wa usalama wa nyuklia na kampuni walivyokuwa wakilindana.

Nchi ilikuwa moja, bahari moja, teknolojia inayofanana. Kilichotofautiana ni kwamba sehemu moja mtu alikataa na akasikilizwa.

Sasa mkazi wa Kilifi anayeijua Pwani yake anakumbuka nini akiambiwa kuwa serikali itamsimamia mwenye kinu? Anakumbuka Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri za gari. Madini ya risasi yaliingia kwenye maji, udongo na damu za watoto kwa miaka, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kati ya waliobebeshwa lawama zilikuwamo taasisi za serikali, mamlaka ya mazingira, NEMA, ikiwamo, zilizopaswa kukizuia kiwanda mapema. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, huku wagonjwa wakisubiri. Shirika la Omido ndilo lililosimama na watu wa Uyombo. Kuwaita watu hawa wajinga wa sayansi ni kuwakosea heshima. Wamekwishaona kiwanda kidogo tu kikiwashinda wasimamizi.

Kuna na mambo ya mazingira ambayo hayahitaji ajali yoyote. Kinu cha ukubwa huo hugeuza kama theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme, na linalobaki lazima liende mahali. Kikipozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, huvuta makumi ya mita za ujazo kila sekunde na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Jirani na Uyombo pana hori la Mida na mikoko yake, matumbawe ya Watamu, fukwe ambako kasa hupanda kutaga. Mvuvi wa pweza anajua maji yakipata joto kidogo matumbawe yanavyokufa, maana aliyaona yakigeuka meupe mwaka 1998. Tena wengi kule wanalima mashamba ya mababu bila hatimiliki, kwa hiyo neno "fidia" haliwapi usingizi.

Ila hoja ambayo mimi naiona nzito kuliko zote ni ya gridi, na ajabu ni kwamba haizungumzwi sana. Ujerumani ilipozima vinu vyake vya mwisho Aprili 2023, wakosoaji waliuliza kwa haki kwa nini izime nyuklia huku ikiendelea kuchoma makaa. Kenya haiko hapo. Takriban asilimia 90 ya umeme wake tayari hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Kinu hakitapunguza moshi mwingi. Kweli, mahitaji yanakua, ukame hupunguza maji mabwawani, na Rais William Ruto mwenyewe amekiri kuwa jioni baadhi ya maeneo hupunguziwa umeme. Hitaji lipo. Lakini kilele cha matumizi ya nchi nzima mwanzoni mwa 2025 kilikuwa kama megawati 2,300, na ushauri wa kawaida wa wataalamu wa nyuklia ni kwamba kinu kimoja kisizidi asilimia 10 ya uwezo wa gridi. Megawati 1,000 zikitoka ghafla, nani atajaza pengo?

Na kinu chenyewe kinahitaji umeme wa nje ili kipozwe. Agosti 25, 2023 Kenya ilizimika karibu yote, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ikagoma katika sehemu ya majengo ya abiria. Novemba na Desemba mwaka huo gridi ikaanguka tena. Kuna wanaojibu kuwa vinu vidogo vitamaliza tatizo hili. Huenda, lakini vinavyofanya kazi duniani leo ni vya kuhesabu kwa vidole.

Gharama iliyotajwa ni kama shilingi bilioni 500. Vinu viwili vipya vya Vogtle, Marekani, vimemeza zaidi ya dola bilioni 30. Barakah ya Falme za Kiarabu ilikwenda vizuri zaidi na sasa inatoa kama robo ya umeme wa nchi hiyo, lakini ile ni nchi iliyolipa kwa fedha za mafuta na kuwaita Wakorea wenye uzoefu. Kenya ingekopa.

Naweza kupingwa kwamba Kenya inaweza kusema hapana. Kweli. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hilo linanipa matumaini. Lakini walioleta uamuzi huo ni wananchi waliokwenda kushtaki baada ya leseni kutolewa. Kwa nyuklia, kazi hiyo ni ya mdhibiti, na inapaswa kufanyika kabla ya zege la kwanza kumwagwa.

Siaya imeongeza jambo ambalo Uyombo haikuwa nalo. Ziwa Victoria si la Kenya peke yake. Kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, magugu maji huziba ghuba upande wa Kenya, na njia yake kuu ya kutokea ni Jinja, Uganda. Mwanza hunywa maji yake, na mabomba yameyafikisha hadi Shinyanga na Tabora. Itifaki ya bonde la ziwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa mwaka 2003, inazitaka nchi wanachama ziarifiane kuhusu miradi yenye athari kubwa, na kamisheni inayoisimamia ina ofisi Kisumu, jirani kabisa na Siaya. Wabunge wa Dodoma na Kampala wana haki ya kuidai tathmini ya mazingira ya mradi huu sasa hivi, ikiwa na majina ya walioiandaa na mpango wa mahali yatakapowekwa mafuta ya nyuklia yaliyotumika, tani 20 hadi 30 kila mwaka, kwa miaka 60 ya uhai wa kinu.