Acha kumwuliza mwalimu kama ana wito

Wazazi wa Uganda, na wenye shule binafsi ndio zaidi, wana swali wanalolipenda sana: "Mwalimu, kwako ualimu ni wito au ni kazi tu?" Mimi naliona ni swali la bure. Kila aliyepita chuo cha ualimu analijua jibu linalotakiwa, na atakupa bila kupepesa macho. Tena walimu wengi wa msingi waliingia chuo baada ya S.4 (kidato cha nne) kwa kuwa alama hazikutosha, au karo ya S.5 haikupatikana. Baadhi yao leo ndio wanaopewa P.7 (darasa la saba) wawavushe watoto mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Namna mtu alivyoingia kazini haikwambii anavyoifanya.

Ukitaka kumjua, anza na daftari la mtoto. Chukua la hesabu, la mwezi mzima, ukae nalo dakika kumi. Tazama tarehe za kusahihishwa: zinafuatana, au kuna wiki mbili tupu halafu kurasa sita zimesahihishwa siku moja kwa kalamu ileile? Tazama pia kama masahihisho ya mtoto yalikaguliwa tena, maana hapo ndipo wengi huachia njiani.

Halafu tazama makosa yenyewe. Tuseme swali ni 305 toa 178, na mtoto ameandika 273. Hakubahatisha huyu. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 5, 7 toa 0, 3 toa 1. Mwalimu mmoja ataweka alama ya kosa na kuendelea. Mwingine atazungushia ile 5 na ile 8, aandike pembeni "kopa kwanza". Huyo wa pili anataka kujua kichwa cha mtoto kilipitia wapi, na hamu ya namna hiyo haiigizwi kwa madaftari tisini. Ukikuta kosa lilelile kwa watoto watatu, na siku iliyofuata kuna zoezi jipya la kukopa kwenye sifuri, basi umeshamjua mtu huyo zaidi ya utakavyomjua kwa mahojiano ya saa nzima.

Lakini piga hesabu kabla ya kuhukumu. Darasa la watoto 90, dakika moja kwa kila daftari, ni saa moja na nusu kwa somo moja. Mwenye masomo mawili anahitaji saa tatu, na jua la jioni halimsubiri. Tiki iliyopotea juu ya jibu la makosa ni uchovu tu. Tiki moja ndefu iliyoshuka ukurasa mzima, wiki baada ya wiki, hiyo ni tabia.

Kitu cha pili ni meza yake. Viboko shuleni vimekatazwa kisheria tangu 2016, lakini fimbo bado utaikuta pembeni ya chaki katika shule nyingi. Usimwulize kama anachapa, atakataa. Tazama watoto wanafanyaje anapopita kati ya madawati: wanafunika daftari kwa mkono, au wanalisogeza alione? Na kama shule ina ule mchezo mbaya wa kumvika shingoni kibao mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani, angalia nani anakivisha kwa furaha na nani anakisahau kabatini. Kwenye kambi za jeshi, au miji ya Bombo na Arua, ambako mtoto huja P.1 na Kiswahili au Kinubi chake (lugha ya Wanubi), suala hili linamfichua mwalimu haraka sana. Sera ya madarasa ya chini tangu 2007 ni kufundisha kwa lugha ya eneo, ila eneo lenye lugha tano linamwachia mwalimu aamue mwenyewe, na atakavyoamua ndivyo alivyo.

Sasa mazungumzo. Siku ya wazazi ndiyo mbaya kuliko zote: foleni ndefu, kila mzazi anauliza nafasi ya mtoto darasani, mwalimu anarudia sentensi tatu mpaka jioni. Wiki ya kwanza ya muhula ni vurugu za karo, na wiki za mtihani hana kichwa cha kuongea. Nenda katikati ya muhula, Jumanne au Jumatano, baada ya vipindi. Uliza kwanza kama yuko zamu. Mwalimu wa zamu anapiga kengele, anaandika wachelewaji na kusimamia posho (ugali) na maharage, kwa hiyo usimsimamishe. Mtazame tu kwa mbali wakati wa chakula. Kuna anayehesabu sahani, na kuna anayejua kwamba yule mdogo wa P.2 hajafika kwenye foleni.

Ukikaa naye, msalimie vizuri, "Mwalimu, pole na kazi," kisha umwache apumue. Swali bora ninalolijua ni hili: "Shule zilipofungwa, ulikuwa unafanya nini?" Zilifungwa kwa sababu ya korona Machi 2020 na hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2022. Wa serikali waliendelea kupata mshahara, wa shule binafsi wengi hawakupata kitu. Wapo waliofyatua matofali, walioendesha bodaboda, waliokaanga chapati, na waliokusanya watoto wanne watano barazani. Wengine hawakurudi kabisa. Huyu aliye mbele yako alirudi, na sababu yake ndiyo unayoitafuta. "Bodaboda ilinichosha, polisi kila siku" ni jibu la mtu mkweli, lipokee. "Niliona watoto wa jirani wamesahau kusoma" nalo ni jibu. Anayeanza hotuba ya kulitumikia taifa, mrudishe taratibu kwenye matofali.

Swali la pili: "Mwalimu, sasa hivi unasoma?" Sera ya kitaifa ya walimu ya 2019 inataka shahada hata kwa wa msingi, na wengi wanajilipia masomo wenyewe, wakiingia darasani wakati wa likizo. Anayesoma ana mipango. Utajua kama anataka kupanda cheo, kuhamia sekondari, au kuondoka kabisa. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, ila ni vizuri ujue kabla hujamtegemea kwa miaka mitatu.

Kuhusu pesa usimwulize, na wala usijifanye hujui. Mwalimu wa msingi wa serikali hupata karibu nusu milioni ya shilingi za Uganda kwa mwezi. Sekondari, Julai 2022, mwenye shahada ya sayansi alianza kulipwa milioni 4, na mwenzake wa sanaa mwenye shahada ya ngazi hiyohiyo akabaki na zaidi kidogo ya milioni moja. Wanakaa chumba kimoja cha walimu, wanakunywa chai ya birika moja. Mwalimu wa Kiswahili yuko upande wa sanaa. Ukimwona amenuna, usikimbilie kusema hana moyo. Mwangalie kwenye miradi ya wanafunzi: katika mtaala wa sekondari ulioanza 2020, kazi za darasani zina asilimia 20 ya alama za S.4. Aliyekata tamaa hujaza alama hizo usiku mmoja, zote zikikaribiana. Mwenye kinyongo lakini anayependa kazi yake atalalamika asubuhi nzima, kisha mchana umkute anabishana na mwanafunzi juu ya mradi wa sabuni.

Yanayompendeza nje ya shule huhitaji kuyachimba. Taja mechi ya Arsenal, kwaya, bei ya nyanya au nguruwe, utaona uso unapofunguka. Wengi wana shamba au mifugo pembeni, na wataongea juu ya chakula cha kuku kwa ufundi kuliko wanavyoongea juu ya mtaala. Ni mlango mzuri wa kuingilia.

Na ukitaka kumpa kitu, kikombe kilichoandikwa "Mwalimu Bora" anavyo vinne. Sukari kilo mbili, mkungu wa matoke, au pesa kidogo kwa simu vinamfaa zaidi. Mpe muhula ukiisha, ripoti ikiwa tayari mkononi mwako. Ukipeleka wiki moja kabla ya mtihani, mwenye kujiheshimu ataanza kukukwepa, na asiyejiheshimu atakuzoea.