Filamu Haikuwa Imeganda

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nilimpokonya fundi rimoti na kuzima mitambo ukumbini, nalazimika kueleza yaliyotokea kabla uvumi haujamfikia mama mkwe. Rimoti sikuigusa.

Filamu ni ile ya Kifaransa ya mwaka 1961, L'Année dernière à Marienbad, iliyoongozwa na Alain Resnais na kutwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka huohuo. Mwanamume anamsisitizia mwanamke kwamba walikutana mwaka uliopita, mwanamke anasema hamkumbuki, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Mimi nimekulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, ambako DJ hukutafsiria kila neno na kukudokeza mapema nani atakufa.

Sasa sikilizeni. Sauti ya mwanamume inasimulia juu ya korido za hoteli; inafifia, inarudi, inasema yaleyale ya korido, inafifia tena. Nikavumilia. Baadaye wageni wa hoteli, katika suti na magauni ya jioni, wakasimama tuli, hakuna anayesogea wala kupepesa. Nilipogeuka nikakuta watazamaji nao hawatikisiki, nikashindwa kujua kama imeganda filamu au umeganda ukumbi.

Kwa sauti ileile ya kibandani nikaita, "Fundi, imeganda! Rudisha nyuma kidogo!"

Kimya. Nikadhani fundi amesinzia, nikainuka kumfuata, na kwa kuwa projekta ilikuwa juu ya meza katikati ya viti, kichwa changu kikaingia kwenye mwanga. Kivuli changu, masikio yote mawili, kikatua katikati ya ile saluni ya kifahari, baina ya mabwana na mabibi. Nikageuka kukitazama, na papo hapo mmoja wa wale walioganda akasogea. Niliruka nyuma, kiti kikaanguka kwa kishindo, na katika ukimya uliofuata nikamsikia mama mmoja akimwuliza mwenzake, "Huyu naye yumo?"

Nikaketishwa, nikapewa maji, nikaondoka kabla ya mjadala.

Hata hivyo (na nyinyi mnaocheka huko chini nawaona), katika bustani ya filamu hiyo watu wana vivuli virefu ilhali miti haina kabisa. Kikiongezeka kivuli kimoja cha mtu wa Temeke, kimeharibu nini? Tena Resnais na mwandishi wake, Alain Robbe-Grillet, walipoulizwa kama wale wawili walikutana kweli, walitoa majibu yanayopingana. Ikiwa wenye mali hawaelewani, mimi niliyelipa nauli mbili za daladala nielewe vipi?

Rafiki yangu, aliyesinzia tangu zile korido za mwanzo na kuamshwa na kiti changu, ndiye sasa anayewafafanulia watu maana ya filamu.