Mwana wa Tandu Asiye na Jina: Tumtangaze Leo au Tungoje?

Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua. Shambani kwa mjomba wangu, nyuma ya kijiji cha Matondoni kisiwani Lamu, tuligeuza gogo la mnazi lililooza ili tupate nafasi ya mihogo. Chini yake alikuwamo kiumbe mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, urefu wa kidole cha kati, rangi ya samli iliyoganda. Nilimgusa kichwani kwa kijiti. Akarudi kinyumenyume bila kugeuka, kwa wepesi uleule aliokuwa akiendea mbele, kisha akajisokota. "Mwana wa tandu huyo, hana neno," alisema mjomba, akainua jembe lake.

Nilimtia kwenye sahani nyeupe nikamhesabu miguu kwa kamera ya simu. Nilipoteza hesabu mara tatu. Mara ya nne nilipita jozi hamsini kabla hajajikunja tena, na hapo lile jina alilonipa mjomba, ambalo sote tumelelewa nalo, likaanza kunisumbua. Tandu mkubwa tunayemwogopa, yule anayejificha kwenye nyufa za kuta za mawe na kumliza mtu usiku kucha, ana jozi 21 za miguu. Mtoto wake huanguliwa na jozi hizohizo 21. Akikua huongezeka unene na urefu, miguu haiongezeki. Basi mwenye jozi hamsini hawezi kuwa mwana wa mwenye ishirini na moja. Yule niliyemwona ni wa ukoo mwingine kabisa, na pengine alikuwa mzee katika ukoo wake.

Ukoo huo ni wa tandu wa udongoni. Hawana macho, wala hawayahitaji. Maisha yao yote hupita katika udongo, chini ya magogo na majani yaliyooza, wakiwinda minyoo na viluwiluwi vya wadudu. Mama hujizungusha kwenye mayai yake akayalinda hadi watoto waweze kujitegemea. Jozi za miguu, kutegemea spishi, ni kuanzia 27 hadi 191, na hesabu hiyo daima ni witiri: 47, 49, 51. Shufwa haimo. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina tandu wa udongoni wapatao 1,300, kati ya tandu wote wa dunia ambao ni zaidi kidogo ya 3,000. Kila mwaka majina mapya huongezwa, kwa kuwa udongo ni mahali ambapo wachache wametazama.

Jioni nilipeleka picha barazani, mtaa wa Mkomani, na mabishano yaliyozuka ndiyo yaliyonifanya niandike. Mwenzetu mmoja, kijana anayefanya kazi za mazingira, alisema kiumbe kama huyu akionekana hayumo kwenye orodha, atangazwe kuwa spishi mpya mara moja, hata kwa picha na kipimo cha vinasaba. Mwenzetu mwingine, mwalimu wa biolojia, alitikisa kichwa: jina la spishi halitolewi kama jina la mashua. Wote wawili nawaheshimu, na kila mmoja ana ukweli mkononi.

Anayetaka haraka anaitazama ardhi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Barabara, viwanja na machimbo ya mawe vinafuata. Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, hukuhuku Lamu. Katika mabishano ya namna hiyo watu husimama wakataja mikoko, kasa, kamba, kwa sababu majina yapo na kila mtu anajua kinachosemwa. Kiumbe asiye na jina hatajwi katika ripoti yoyote. Hawezi kuhesabiwa kuwa adimu, hawezi kulindwa, na akitoweka hakuna atakayejua kwamba alikuwapo. Hoja hii ni nzito na sitaki kuipuuza, maana gogo lile la Matondoni nililigeuza mimi mwenyewe kwa ajili ya mihogo.

Haraka ina vifaa pia. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Kanada alipopendekeza kipande kimoja kifupi cha vinasaba kitumike kama alama ya kutambulisha spishi, kazi iliyochukua miezi imewezekana kwa siku chache. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilitoa majina kwa spishi 403 za nyigu wa Costa Rica kwa pigo moja, nyingi zikielezwa hasa kwa alama hiyo ya vinasaba na picha. Wengine walishangilia. Wengine, wakiwamo mabingwa wa wadudu haohao, walikasirika: mtu asiye na maabara atamtambuaje nyigu kwa mfuatano wa herufi za vinasaba?

Mwalimu wetu wa biolojia yuko upande wa waliokasirika, na kwa tandu wa udongoni ana sababu za ziada. Ya kwanza ni miguu yenyewe. Yuko tandu wa ufukoni huko Uingereza aitwaye Strigamia maritima, ambaye huishi kati ya kokoto za bahari na amechunguzwa kuliko wenzake wote wa ukoo huu. Majike kwa kawaida huwa na jozi nyingi kuliko madume. Wa kusini huwa na nyingi kuliko wa kaskazini, na mayai yakilelewa kwenye joto zaidi, watoto hutoka na miguu zaidi. Sasa fikiria mtu anayekuja Lamu, ambako mchanga wa Shela saa saba mchana huwezi kuukanyaga kwa mguu mtupu, akachukua tandu mmoja, akahesabu jozi 55, akaona ndugu zake kitabuni wana 51, akatangaza spishi mpya. Huenda ameipa jina hali ya hewa.

Makosa ya namna hiyo yamefanyika sana. Karne iliyopita wako mabingwa waliotoa majina kwa mamia ya tandu, wakati mwingine kwa mnyama mmoja tu na maelezo ya mistari michache, na vizazi vilivyofuata vimetumia miaka kufungua chupa za zamani na kugundua kwamba majina mawili au matatu ni ya kiumbe kilekile. Kila jina la bure ni deni analoachiwa mtu mwingine alipe.

Sababu ya pili inatuhusu sisi watu wa bandari. Lamu imepokea majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Pamoja na tende, vitambaa na vyungu, miche ilikuja na udongo wake mizizini. Tandu wa udongoni husafiri hivyo. Yuko mmoja, Orphnaeus brevilabiatus, aliyeelezwa mwaka 1845, ambaye ameenea katika nchi za joto na visiwa vyake, na akisumbuliwa hutoa ute unaong'aa gizani. Mwaka 2003 alielezwa tandu mdogo wa milimita kumi hivi aliyepatikana huko New York, katika bustani ya Central Park, akaitwa Nannarrup hoffmani. Alikuwa mpya kwa elimu, lakini walioandika habari zake waliona kwamba huenda si mwenyeji wa pale: yaelekea alifika na mimea kutoka Asia. Kama mji ule umepata mgeni akadhaniwa mwenyeji, sembuse Lamu? Kabla ya kusema "tandu wa Lamu" inabidi mtu apekue maandishi ya India, Yemeni na Java.

Hapo kijana wetu akakumbusha habari ya kipunji, na mimi nikaanza kuyumba. Kipunji ni nyani wa milima ya kusini mwa Tanzania, na jina lake limechukuliwa kwa wenyeji wa Rungwe. Watafiti walimpa jina la kisayansi mwaka 2005 bila ya kuua hata mmoja. Kielelezo chake rasmi, yaani yule mnyama mmoja ambaye jina limefungwa kwake, alikuwa dume lililopigwa picha likaachwa liende. Wengi walinung'unika. Muda si mrefu akapatikana kipunji aliyekufa katika mtego wa mkulima, na mwili huo ukaonyesha mambo ambayo picha haikuweza kuyaonyesha: mwaka 2006 akahamishiwa jenasi, yaani ukoo, yake mwenyewe. Kwa hiyo waliofanya haraka walipatia kwamba ni spishi mpya, wakakosea ukoo, na ni mwili uliowasahihisha. Bila ile haraka, nadhani ulinzi wa misitu yake ungechelewa kuzungumzwa.

Lakini kuna yule ndege aitwaye tiva. Mwaka 1988 tiva mmoja wa rangi isiyozoeleka alionekana Bulo Burti, Somalia. Alikamatwa, akatolewa damu kwa ajili ya vinasaba, akaachiliwa, na mwaka 1991 akatangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus, yaani aliyepewa uhuru. Dunia ya wapenda ndege ilimtafuta kwa miaka. Mwaka 2008 vipimo vipya vikaonyesha kwamba hakuwa spishi: ni tiva wa jamii iliyojulikana zamani, aliyevaa rangi tofauti. Sisi wa huku jambo hilo lisitushangaze. Manda, kisiwa jirani yetu, wako tiva weusi tititi, na kwa muda mrefu wataalamu wamebishana wawaweke wapi. Kama ndege mwenye sauti ambayo washairi wetu wameisifu kwa vizazi, anayeonekana mchana kweupe mtini, amewachanganya hivyo, tandu kipofu wa unene wa uzi atawafanyaje?

Tena hapohapo bara yetu, katika msitu wa Boni, mwaka 2010 kamera za msituni zilipiga picha sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye watafiti walisema huenda ni spishi mpya. Baada ya kupata miili na vinasaba, waliona ni jamaa wa karibu wa sange wa Arabuko-Sokoke, kule karibu na Malindi, na mwaka 2018 akaelezwa kama spishi ndogo. Naupenda mfano huu kuliko yote. Habari ilitolewa mapema, kwa neno "huenda", na hukumu ikangoja miaka minane.

Basi mimi nimesimama wapi? Nakubaliana na kijana kuhusu koleo, na mwalimu kuhusu kalamu. Kukusanya kufanywe sasa, msimu huu, kabla ya trekta: Matondoni, Kipungani, Hindi, Witu, visiwa vya Pate na Kiwayu, mikokoni na mashambani. Njia yenyewe haina gharama kubwa. Udongo na majani huwekwa kwenye faneli yenye wavu, taa ikawashwa juu, na viumbe wakikimbia joto na ukavu huanguka kwenye chupa ya spiriti iliyo chini. Vinasaba vitumike kuonyesha wapi pa kutazama zaidi. Jina lingoje hadi apatikane dume na jike, na zaidi ya pahala pamoja, na mtu mwenye hadubini aangalie makucha ya sumu, vinyweleo vya tumbo na vijitundu vya miguu ya mwisho, kwa sababu hizo ndizo alama ambazo mwenzake wa miaka hamsini ijayo ataweza kuzihakikisha kwa macho yake.

Nakiri kwamba msimamo huu una bei. Kama pahala pa pekee pa kiumbe ni shamba litakalochimbwa mawe mwakani, kungoja dume na jike ni kumzika bila jina. Hapo ningekubali jina kwa mnyama mmoja, mradi mwili wake upo.

Na mwili uwe wapi? Hili halikubishaniwa sana barazani, ingawa kwangu mimi ni kubwa kuliko hayo mengine. Makumbusho ya Lamu ina siwa ya Pate, pembe ile ya ndovu iliyochongwa. Mtoto wa shule hapa anaweza kutembea dakika chache akasimama mbele yake, na akisikia mtu anasimulia habari za siwa kwa makosa, anajua pa kwenda kuhakikisha. Lakini vielelezo rasmi vya tandu wengi wa Afrika Mashariki walioelezwa enzi za ukoloni vimo makabatini Ulaya. Mwanafunzi wa Kenya anayetaka kulinganisha tandu wa Matondoni na ndugu zake lazima aombe picha, au nauli. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 zinazomtaka mtafiti apate kibali kabla ya kuchukua rasilimali za viumbe, na watafiti wengi hulalamika kwamba karatasi hizo zinachelewesha kazi. Ni kweli zinachelewesha, na ziharakishwe. Zisifutwe. Chupa ya kwanza ibaki Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na ya pili, nikiruhusiwa kuomba, iletwe Lamu.

Mjomba sikumwambia habari za siwa wala kipunji. Nilimwambia tu kwamba yule si mwana wa tandu, kwamba miguu imezidi. Alifikiri kidogo akauliza, "Basi ni nani?" Sikuwa na jibu. Tandu mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumrudisha chini ya gogo jingine, kwa kuwa sikuwa na spiriti wala chupa.

Sasa ninavyo. Nimeambiwa kijikaratasi cha ndani ya chupa kiandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti na baada ya mwaka chupa hubaki na mnyama asiye na habari. Ni mistari mitatu tu: Matondoni, kisiwa cha Lamu; chini ya gogo la mnazi, tarehe; jina la aliyemwona kwanza. Mstari huo wa tatu nimekusudia kuandika la mjomba.