Kupata mshipa si kujua dripu

Dripu ikimdhuru mgonjwa, husikika kauli mbili. Uongozi unasema wauguzi wapelekwe mafunzo. Wauguzi wanasema tuongezeeni watu na vifaa, semina tumezichoka. Kauli hii ya pili hudhaniwa ni uvivu wa kusoma. Mimi naona ina uzito kuliko unaopewa, ingawa siendi nayo hadi mwisho.

Mafunzo mengi huishia pale kanula, kimpira cha kupitishia maji mshipani, inapoingia na damu kuonekana. Kupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji ni ustadi wa kweli, na nesi anayeupata mara ya kwanza husifiwa wodi nzima. Ila baada ya hapo ndipo inapokuja kasi ya maji, na kasi haina wa kuipigia makofi.

Mpira wa dripu wa watu wazima kwa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo lita moja kwa muda wa saa 8 ni matone kama 42 kwa dakika. Wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita, na hapo hesabu ni nyepesi: idadi ya matone kwa dakika ndiyo mililita kwa saa. Sasa mtoto ameandikiwa mililita 40 kwa saa, stoo imeishiwa mipira ya watoto, nesi kafunga wa wakubwa na kuhesabu matone 40 kama alivyozoea. Mtoto anapata mililita 120 kila saa, mara tatu ya alizoandikiwa. Sindano ilichomwa vizuri kabisa.

Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Miongoni mwa waliopewa maji mengi kwa haraka, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa kama asilimia 10.5. Kwa ambao hawakupewa maji hayo ya haraka, asilimia 7.3. Ni watoto watatu zaidi katika kila mia.

Lakini tarakimu ambayo mimi siachi kuirudia ni nyingine. Saa moja baada ya kuanza, dalili za mzunguko kudhoofika zilikuwa zimewaondoka asilimia 43 ya waliomiminiwa maji, na asilimia 32 tu ya wenzao. Yaani kundi lililokuja kupoteza watoto wengi ndilo lililoonekana kupata nafuu. Nesi mwaminifu angepima, angeandika kwenye faili "anaendelea vizuri", na angekuwa ameandika ukweli wa saa hiyo. Tena, uchambuzi wa 2013 ulionyesha kuwa vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka kuliko mapafu kujaa maji. Kwa hiyo hata aliyefundishwa kusikiliza kifua na kutazama uvimbe angeweza kupitwa. Nani anafundishwa kumtilia shaka mgonjwa aliyepata nafuu?

Halafu anafikishwa mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka kabisa, na mambo yanageuka. Huyu, kama ni mtu mzima, anahitaji mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha 70 kwa saa mbili na nusu, na kumbania maji ndiko kunakomuua. FEAST yenyewe haikuhusisha watoto wa kuhara. Nesi yuleyule, wiki ileile, huku afungue, kule abane. Hilo halikaririwi, linahitaji mtu anayeelewa sababu na mwenye ruhusa ya kumuuliza daktari.

Ruhusa hiyo ndiyo inayopingwa, na hoja zipo. Daktari ndiye anayebeba jukumu la tiba, na mabishano usiku wa manane humchelewesha mgonjwa. Ni kweli. Ila faili likiwa na "maji lita moja" bila kutaja ni kwa saa ngapi, aliyeamua kasi ni nani? Ni yule aliyeshika kigurudumu cha mpira. Madaraka anayo tayari, ila hajafundishwa wala hatambuliwi kuwa nayo.

Ndipo narudi kwenye uchovu wa wauguzi. Kuhesabu matone dakika nzima kwa wagonjwa 30 ni nusu saa, na bado hujatoa dawa hata moja. Aliye peke yake zamu ya usiku atahesabu kwa macho, awe na cheti au asiwe nacho. (Na akigeuka, ndugu wa mgonjwa anafungulia maji "yaishe haraka".) Katika hospitali za FEAST, watumishi walipewa mafunzo ya huduma ya dharura na vifaa pia viliongezwa. Anayetaka kutumia utafiti huo kutetea semina peke yake aanze na orodha ya vifaa.

Hata hivyo, wingi wa watu haurekebishi hesabu ya mpira mwingine. Chupa ya mililita 500 juu ya mtoto wa kilo 10 ni mililita 50 kwa kilo, ikiisha bila kuangaliwa. Kumwaga kinachozidi kabla ya kutundika, na kubandika plasta ubavuni mwa chupa yenye saa na mstari ambao maji yanapaswa kuwa yamefika, kunafundishika wodini kwa mipira iliyopo stoo siku hiyo, na zamu ya usiku ikiwemo. Tatizo ni kwamba mafunzo ya namna hiyo hayana posho, na orodha ya wanaokwenda semina ya hotelini huandaliwa na watu ambao hawajatundika dripu kwa miaka.