Soda Nne, Ngazi 93

Mimi pombe sinywi. Shemeji analijua hilo tangu alipokuja kumposa dada. Lakini nilipomtembelea Uingereza alinipeleka St Albans, mji wa soko kaskazini mwa London, akaniambia, "Historia ya huku iko baa, shemeji. Wewe kunywa soda tu."

Hiyo "soda tu" ndiyo iliyoniponza. Kule ukiagiza soda unaletewa maji yenye gesi, hayana rangi wala sukari. Nilijiona nimepunjwa, ila kwetu Rombo huwezi kukalia kiti cha watu bila kuagiza, na ukiagiza humwagi. Basi kila baa glasi moja. Na glasi zao ni ndoo.

Hadithi lakini zilikuwa tamu. Akanionyesha Ye Olde Fighting Cocks, jengo la pembe nane ambalo inasemekana lilikuwa kibanda cha njiwa cha watawa kabla majogoo hawajaanza kupigana humo. Akanieleza vile vibao vya picha milangoni: mwaka 1393, enzi za Mfalme Richard II, muuza pombe aliamriwa atundike alama ili mkaguzi ajue pa kuonja. (Ukaguzi huo wajomba zangu, wazee wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wangeufanya bila mshahara.)

Halafu tukafika palipokuwa na baa iliyoitwa Castle, yaani Ngome. Mei 22, 1455, Vita vya Waridi, vya koo mbili za kifalme kugombea kiti cha Uingereza, vilipoanzia katika mitaa hiyo, mkubwa mmoja wa nchi, Duke wa Somerset, aliuawa hapo. Husimuliwa kwamba alitabiriwa aziogope ngome. Akazikwepa zote za mawe, akaja kufia chini ya kibao cha baa! Nilimcheka sana yule marehemu. Tukaingia baa ya jirani, nikaagiza soda ya nne.

"Sasa tupande Mnara wa Saa," akasema shemeji.

Mnara huo ulijengwa kati ya 1403 na 1412, wenye mji wakitaka saa yao wenyewe, si ya abati, mkuu wa watawa. Una ngazi 93, zimejizungusha kama konokono, nyembamba, mtu akipanda wa kushuka asubiri. Ngazi ya sitini hivi, soda zote nne zikaamka kwa pamoja. Nyuma yangu foleni ya watalii na watoto wao. Mbele yangu shemeji, kilo mia na ushee, anaeleza habari za kengele ya mwaka 1335.

"Shemeji, kushuka ni wapi?"

"Huku huku tulikopandia."

Huko juu akanyoosha kidole: "Upande ule kuna mto Ver."

"Shemeji, nakuomba, mto usiutaje."

Zamu ya kushuka ilipofika nilishuka kiubavu kama kaa, magoti yamebanana, huku nikiwaomba radhi kina mama kwa Kiswahili. Nikavuka barabara mbio, nikaingia baa ya kwanza niliyoiona, moja kwa moja hadi chooni.

Nilipotoka, mhudumu alikuwa amesimama kaunta ananitazama. Hakusema neno. Akanyanyua tu glasi tupu.

"Soda," nikasema.