Mbuzi wa Miguu Miwili

Kampuni yetu ina wakurugenzi watatu na kiti kimoja. Ofisi ni chumba cha uani Chang'ombe, hapa Dodoma, na kazi yetu ni kutunga gemu mpya za ile mashine ya zamani ya kuchomeka kaseti, uliyogombania pedi zake na kaka yako mpaka mama akazima TV. Asili yake ni Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983. Zilizojaa mitaani kwetu ni kopi za Mchina, na kaseti zake zimeandikwa gemu 9999999 wakati ndani zimo chache zinazojirudia.

Leseni? Nintendo hatujawaomba, nao hawajatuuliza. Mashine waliyoiuza Marekani kuanzia 1985 iliwekewa chipu ya kufuli: ukichomeka kaseti isiyo yao, inajizima na kujiwasha tu. Jamaa wa Color Dreams, kampuni ya gemu ya huko isiyo na leseni, wakaipiga kufuli shoti ya umeme, ikazubaa, gemu ikapita. Baadaye watu hao hao, kwa jina la Wisdom Tree, wakauza gemu za Biblia kwenye maduka ya vitabu vya dini. Umeshampiga shoti mlinzi, kilichobaki ni kuhubiri. Kopi za Mchina hazina kufuli, hivyo sisi tunaingia bila hata hodi.

Gemu yetu ya kwanza ilikuwa ya kijana wa Kigogo anayezuia mbuzi wasile zabibu za jirani. Programu kilobaiti 32, picha kilobaiti 8, basi. Tulizichoma kwenye EPROM, chipu za zamani zenye kidirisha cha kioo mgongoni. Ukitaka kufuta kilichomo, unamulika kidirisha kwa taa ya urujuanimno. Jua nalo lina miale hiyo hiyo, ila linahitaji kama wiki nzima. Ndiyo maana fundi wetu alibandika utepe mweusi juu ya kila kidirisha, na akatangaza kwa sauti ya mchungaji kwamba utepe huu hautolewi.

Meneja Masoko wetu siku hiyo alikuwa kwenye simu. Meneja Masoko siku zote yuko kwenye simu.

Wakati wa maonyesho ya Nanenane, Nzuguni, akapata meza nje ya uwanja. Akafungua majumba ya kaseti zote, akabandua tepe zote, akazipanga kifua wazi. "Mteja aone mali," akasema. "Kile kioo kinang'aa!" Kweli kiling'aa. Agosti ya Dodoma haina wingu la kumkinga mtu, na meza haikuwa na mwavuli. Jioni anakusanya, asubuhi anaanika tena, hadi maonyesho yakaisha. Na aliuza, tusimnyime haki yake.

Muda si mrefu akaja mzee mmoja, fimbo mkononi, kaseti kwenye mfuko wa rambo.

"Mbukwenyi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vijana wangu, nilimnunulia mjukuu wangu mbuzi kwenu. Asubuhi wazima. Mashine ikipata moto, wanakatika miguu."

Tukaichomeka. Ndivyo ilivyokuwa: chipu iliyoiva nusu kwa jua inasoma vizuri ikiwa baridi, ikipata joto baadhi ya herufi zake zinapotea. Mguu wa nyuma ukayeyuka, kisha wa mbele, halafu yule kijana wa Kigogo akabaki kofia inayotembea. Mbuzi wa miguu miwili akavuka uzio wima, kama diwani, akala zabibu zote.

"Hiyo ni hatua ya pili, mzee," Meneja Masoko akadakia.

Mzee akamtazama muda mrefu. "Mwanangu, mimi nimechunga tangu sijavaa suruali. Hakuna hatua ya pili ya mbuzi."

Wateja wengine walipofuata, kwao skrini ilikuwa kijivu tupu, tukarudisha pesa mpaka droo ikabaki na vocha iliyokwanguliwa. Mzee naye tulimpa zake. Akazihesabu, akazikunja, kisha akanyoosha mkono achukue na kaseti.

"Mzee, hiyo ni mbovu."

"Najua. Mtoto anamtaka huyu huyu. Wenzake wanakuja kumwona, nyumba imejaa. Na mama yao mdogo wa Kizota anataka mbili, ila miguu iwe miwili, msimletee wazima."

Fundi akaingia chumbani akafunga mlango. Ndani tulisikia kitu kikitupwa ukutani, nadhani ni utepe.

Asubuhi yake nilipanda juu ya bati na chipu mpya, nikazipanga vidirisha wazi kando ya mlenda wa mama mwenye nyumba. Akatoka na ungo wake, akakinga macho kwa kiganja.

"Wewe, unaanika nini huko?"

"Mbuzi, mama."

"Haya, usinimwagie mlenda."