Namba za Kujikinga: Mtafiti na Mwanakijiji Usangu

Lalamiko la watafiti wengi wanaofika vijijini ni kwamba watu wamezoea posho, hawafungui mdomo bila kulipwa. Lina ukweli wake. Fedha za mradi zina mwisho, kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kina muda wake, na mtu aliyelipwa vibaya husema anachodhani kinatakiwa.

Lakini mtazame mfugaji wa Mbarali, wilaya ya mkoa wa Mbeya iliyo katika bonde la Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi miaka ya 1990, na lawama zikawaangukia wafugaji na wakulima wa mpunga. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu, ardhioevu ya bonde hilo, pamoja na mifugo yao. 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Leo mgeni anamjia na dodoso: una ng'ombe wangapi, unachungia wapi? Nani angejibu kwa moyo mweupe? Mwenye ng'ombe ishirini atataja sita. Ekari nazo zitapungua. Namba hizo za kujikinga zitaingia kwenye jedwali safi, mtafiti wa pili atalinukuu, wa tatu atamnukuu wa pili, na siku moja mpango wa kugawa maji utajengwa juu yake, huku ng'ombe wasioandikwa wakiendelea kunywa mtoni. Kisha mto ukikauka tena, atalaumiwa yuleyule. Hasara hii hainitoki akilini, maana hakuna hesabu ya takwimu inayoweza kuisahihisha baadaye.

Upande wa Iringa, katika vijiji jirani na hifadhi hiyohiyo, Ruaha Carnivore Project, mradi wa kutafiti na kuhifadhi wanyama wala nyama, ilijaribu njia nyingine: wanakijiji wenyewe wanatega kamera, picha za wanyamapori zinakipa kijiji pointi, na pointi zinageuka msaada wa elimu, afya na matibabu ya mifugo. Manung'uniko hayakosekani panapokuwa na mashindano, ila angalau kila mtu anaona kazi yake imezaa nini.

Hofu ya wanataaluma ninayoiheshimu zaidi ni hii: kijiji kikipewa sauti katika utafiti, kitazima matokeo yasiyokipendeza. Basi kisipewe mamlaka ya kufuta. Makubaliano yaandikwe kabla ya dodoso la kwanza, yataje nani atasikiliza malalamiko, na matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, kabla hayajachapishwa. Wanakijiji wakipinga, pingamizi lao lichapishwe humohumo kwenye ripoti, kwa maneno yao.